Dawa za Dada

4 Machi

Mdogo wangu Kicheko,

Usishtuke kuona barua. Simu ninayo na salio lipo, lakini unaijua mwenyewe simu ya Mama. Tangu sikio lake moja listaafu, kila mazungumzo anayaweka spika, na kabla sijamaliza kusema hujambo, jirani wa kushoto ameshaitikia sijambo. Hili la leo sitaki jirani aitikie.

Daktari anabadilisha dawa yangu. Ile ninayokunywa tangu nilipougua imeacha kunisaidia. Mwanzoni nilidhani ni uvivu tu. Naamka nimechoka, naoga nikiwa nimekaa, nafika kazini naweka kioo cha miwani kwenye mashine ya kusagia, kisha nakitazama kama kitu nilichookota njiani. Juzi nilisaga vioo vya mteja vizuri kabisa, halafu nikatia cha kulia upande wa kushoto. Yule bwana akavaa miwani yake mpya, akainuka kwa heshima zote, akaparamia kiti. Yeye alicheka. Bosi hakucheka. Mimi nilikwenda stoo nikalia, na kilichoniuma ni kwamba hata kulia kwenyewe sikukusikia vizuri.

Nilimweleza daktari nikitegemea kugombezwa. Akasema dawa ya sonona huweza kumsaidia mtu kwa muda kisha ikashindwa, na kwamba zipo za aina nyingine. Ila mtu haiachi moja leo akaanza nyingine kesho. Atanipunguzia ya zamani kidogo kidogo, na mpya iingie nayo taratibu. Akasema ziko nyingine ambazo mwili lazima ukae kwanza bila chochote kabla ya mpya kuingia, maana zikikutana ni hatari. Zangu si za namna hiyo, lakini hilo analijua yeye, si mimi wala jirani wa kushoto. Nikiacha ghafla, kichwa kitanizunguka, usingizi utanikimbia, na huzuni yenyewe inaweza kurudi na hasira. Pale katikati, ya zamani ikiwa inatoka na mpya haijashika, ndipo pa kuchunga.

Sasa nina ombi. Aliniuliza kama kuna dawa zangu zilizobaki mahali. Nikakumbuka ile likizo ndefu ya ugonjwa niliyokaa nyumbani. Kliniki ya huko ilinipa mzigo, na niliporudi kazini nikaacha paketi kadhaa kwenye droo ya chumba chetu, chini ya soksi. Zipeleke duka la dawa waziharibu wenyewe. Usizitupe jalalani, na usimpe mtu. Mama asizione, ataanza kulia upya.

Niandikie habari zako, hata kama za uongo, mradi zinichekeshe.

Dada yako


11 Machi

Dada Miwani,

Mama aliipokea barua yako, akaipima mkononi kama anapima nyama, akaniuliza, "Kuna nini humo kisichoingia kwenye simu?" Nikamwambia umepata mchumba mwenye haya nyingi. Sasa anamwombea huyo kijana apate ujasiri. Utajua mwenyewe namna ya kumfukuza.

Pole sana, dada. Dawa za kwenye droo nimeshazipeleka. Hilo litoe moyoni.

Mimi hapa bekari wamenipandisha cheo. Sipakii tena mikate kwenye mifuko, sasa niko kwenye mashine ya kukandia unga. Inanguruma kiasi kwamba Mzee wa Tanuri akitaka kuniita ananitupia donge la unga mgongoni. Narudi nyumbani na alama nyeupe, Mama anadhani napigwa. Jana nilimwigiza bosi anavyoonja mkate, macho juu, kidevu mbele, na wote wakalala chini kwa kucheka. Bosi alikuwa nyuma yangu. Naye akacheka. Unaona, mimi hata nikikosea nasalimika.

Halafu nilikuwa nimevaa ile sweta yako ya kijani. Msichana mpya wa kaunta akaniuliza, "Umenunua wapi?" Nikamwambia, mimi tangu nizaliwe sijavaa kitu kipya isipokuwa nepi, na hata hizo nina mashaka nazo. Kila kilichokubana wewe kilinitosha mimi. Sketi, mkoba, mpaka vitabu vyenye majibu yako ya hesabu, nikayaandika vilevile nikapata zile zile alama zako mbaya.

Naomba nikuulize kitu, kwa ajili ya kukuelewa tu. Ile dawa ya zamani, siku ulizoianza ilikuwaje? Ulianza na kidonge kizima? Ulikunywa asubuhi au jioni, kabla ya kula au baada? Na ulikaa muda gani ndipo ukaona nafuu? Ulijuaje kwamba hii sasa ni nafuu? Nataka nijue dada yangu alipita wapi, maana wakati ule mimi kazi yangu ilikuwa kuchekesha tu, sikuuliza.

Mdogo wako,
Kicheko


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na siyo kwa sababu ya bosi wako na mkate. Watu wote huniuliza nitapona lini. Hakuna aliyewahi kuniuliza ilikuwaje. Nimekaa na maswali yako mezani nikijihisi kama mtu aliyeletewa wageni.

Basi nikujibu. Nilianza na nusu, asubuhi, baada ya kula, maana tumbo lilinichafuka. Siku za mwanzo nilikuwa na wasiwasi kuliko kabla ya dawa, mikono inatetemeka, nikadhani wamenipa sumu. Daktari wa kliniki alikuwa amenionya, ndiyo maana nilivumilia. Bila onyo lake ningeitupa. Nafuu haikuja kwa siku, ilikuja kwa wiki, tena kwa mlango wa nyuma. Siku moja nilikuwa nakunywa chai nikagundua nimeongeza sukari kwa sababu ilikuwa haijakolea. Yaani nilikuwa nimeonja! Nikalia juu ya kikombe. Mama akaja mbio akidhani nimeungua.

Sasa nimeshapunguza. Kichwa chepesi, ndoto nyingi, hasira za bure. Leo fremu moja iligoma kufunga skrubu, nikaiita majina ambayo mwenzangu wa mashine ya pili anasema hakuwahi kuyasikia, na ametembea nchi nyingi. Kazini nafanya vioo rahisi tu. Vya hesabu ngumu anavichukua yeye, haniulizi kitu, ananivutia trei kutoka mezani kama vile ni yake tangu mwanzo.

Mwezi ujao ndipo nitaingia hapo katikati. Daktari ameniuliza nani atakuwa nami nyumbani. Nikamjibu bila kufikiri, "Mdogo wangu." Akaniambia mtu huyo kazi yake ni kuangalia tu. Mgonjwa mwenyewe anaweza asione kwamba anazama, au akaona na asitake kusema. Kicheko, naomba uje. Omba ruhusa bekari. Chumba changu ni kidogo, lakini kitanda tutalala wawili kama zamani, wewe ukutani, maana unapiga mateke.

Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Hiki ni kikubwa.

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana, mpaka Mama akauliza kama bekari sasa tunatengeneza karatasi.

Siwezi kuja. Bosi amepata oda ya shule na mkandaji mwingine ameumwa. Halafu Mama goti linamsumbua, hapandi hata ile ngazi ya mlango wa nyuma bila kushikwa. Najua unavyonitegemea. Naomba utafute mtu mwingine wa kukaa nawe, hata huyo mwenzako wa mashine ya pili, anaonekana ana moyo. Usikae peke yako. Ahidi.

Nikuambie jambo la furaha. Wiki hii nilipofungua mlango wa tanuri nilisikia harufu ya mkate. Utasema mimi ni mwendawazimu, nafanya kazi bekari. Lakini niliisikia hasa, ikaniingia puani mpaka tumboni, nikakata kipande kikiwa cha moto nikala nimesimama, nikaungua ulimi. Mzee wa Tanuri akasema, "Leo umekuja na njaa." Nilitamani sana kukusimulia wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Na swali moja tu jingine. Mtu akiwa na dawa, zikaelekea kuisha, anafanyaje? Anapunguza mwenyewe au? Nauliza kwa ajili yako.

Kicheko


9 Aprili

Kicheko,

Oda ya shule. Goti la Mama. Sawa.

Jana nilikaa sakafuni jikoni tangu niliporudi kazini mpaka jirani yangu wa huku alipoona mlango uko wazi, maji yanatiririka kwenye sinki. Alifunga bomba, akaniuliza, "Huna ndugu?" Ninaye ndugu, anakula mkate wa moto na kuniandikia jinsi unavyonukia.

Wewe hujui kitu hiki. Huzuni wewe unaisikia redioni. Umezaliwa unacheka, nyumba nzima ikakupenda kwa hilo, na mimi nikakupenda kuliko wote. Lakini usiniulize tena maswali ya dawa kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichonunua. Kunywa dawa hizi si hadithi ya kusimuliana. Waachie wenye ugonjwa.

Usihangaike kujibu.

Dada yako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Umetii kweli, hukujibu. Siku hizi kila mwenye baiskeli akipita dirishani nadhani ni mtu wa posta.

Yale niliyoandika yaliandikwa na mtu aliyekuwa hajalala. Sisemi hayakuwa yangu, maana mkono ulikuwa wangu, lakini naomba usiyaweke moyoni. Daktari aliniona siku iliyofuata. Nilipomwambia nilivyokaa sakafuni, hakunipa pole, alirudi kwenye mpango wetu akapunguza mwendo. Akasema tulikwenda haraka mno kwa mwili wangu, na hilo linarekebishika mradi nimwambie. Mwenzangu wa mashine ya pili sasa analala kwangu. Anakoroma, lakini nashukuru kusikia mtu.

Dawa mpya imeanza kushika. Bado sijawa mtu, ila jana nilisaga kioo kigumu, kikatoka sawasawa, na nikajisikia kupenda kukitazama.

Hukunijibu kuhusu swali lako la mwisho. Yaani, mimi ndiye ambaye sikukujibu. Mtu akiona dawa zinaelekea kuisha, anakwenda kwa aliyempa kabla hazijaisha. Hapunguzi mwenyewe, na haachi siku moja. Mimi ninazo za kutosha, usiwe na wasiwasi kwa ajili yangu.

Nijibu hata matusi.

Dada yako


27 Aprili

Mwanangu,

Nilikupigia juzi nikakuambia mdogo wako ameteleza bekari, amelazwa, hajambo, usije. Hayo ndiyo niliyoweza kusema. Najua mnavyoicheka spika yangu, na jirani alikuwa hapa kanishika mkono. Mengine nayaandika, unisamehe mwandiko, macho nayo yanafuata njia ya sikio.

Alianguka kwenye ngazi za stoo ya unga. Wanasema kulikuwa na unga umemwagika juu. Mguu umevunjika na mbavu zimeumia, kichwa kimeshonwa. Ataishi, wamesema hivyo mbele yangu. Lakini mwanangu, huyu mtoto alikuwa ameharibika kabla ya kuanguka. Karibu wiki mbili halali. Akigeuza macho anashika ukuta, anasema kichwani kama kuna waya za umeme zinagusana. Alimfokea Mzee wa Tanuri mpaka yule mzee akavua aproni akaenda kukaa nje. Kicheko kumfokea mtu! Nyumbani anaingia bafuni anafungulia maji, nami naketi nje ya mlango nasikia hayo maji na sisikii kingine, na masikio yangu unayajua. Nikamuuliza, "Mwanangu, una nini?" Akanichekesha. Nikacheka. Naomba Mungu anisamehe, nilicheka.

Sasa nilipokuwa nakusanya nguo zake za hospitali, ndani ya ile sweta ya kijani nikakuta paketi za dawa. Karibu zote tupu. Jina lililoandikwa juu ni lako. Nimemuuliza, anageukia ukutani. Nakuuliza wewe: ulimpa wewe? Ni za nini? Alikuwa anaumwa nini ambacho mimi niliyemzaa sikijui na wewe unakijua?

Nijibu upesi, na usipige simu.

Mama yako


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sikumpa, Mama. Nilimwomba azipeleke duka la dawa, akaniambia ameshazipeleka. Ni zile dawa zangu za sonona. Nadhani alikuwa anazinywa mwenyewe, na nadhani najua kwa nini ameziacha ghafla. Ni kwa sababu yangu. Nitakueleza nikikuona, siwezi kuandika na kubaki nimekaa kwenye kiti.

Tafadhali chukua hizo paketi, hata zilizo tupu, umpe daktari mkononi. Mwambie alizinywa kuanzia Machi bila kuandikiwa na mtu, na akaziacha zote siku moja katikati ya Aprili. Hizo waya za umeme, kutolala, na hasira, ni mwili unaodai dawa iliyokatwa. Usimpe kilichobaki ukidhani unamsaidia, ngoja daktari aseme. Na asiachwe peke yake. Simaanishi kwa ajili ya mguu.

Mimi nataka kupanda basi leo hii. Daktari wangu amenishika, anasema nisisafiri peke yangu na kichwa hiki, ningoje anione wiki ijayo. Naona kila siku ni ukuta.

Usimgombeze. Na wewe usijigombeze, Mama. Alitudanganya sote, na alikuwa hodari.

Mwanao


6 Mei

Dada,

Naandika nimelala, herufi zinakwenda upande, usidhani ni dawa.

Mama amenisomea barua uliyomwandikia kwa sauti ya kawaida ya Mama, kwa hiyo wodi nzima inajua. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani amenipa pole ya kuumwa sonona na pole ya kuwa na dada mbali. Basi hakuna siri tena. Nikueleze.

Nilifungua ile droo nikiwa nakusudia kweli kuzipeleka. Nilivaa hata koti. Halafu nikakaa kitandani nazo mapajani, nikasoma tena barua yako, pale uliposema unaoga umekaa. Mimi naoga nimekaa tangu nikiwa shule, dada. Nilidhani kila mtu huchoka hivyo na wengine ni wavumilivu tu. Ulipougua wewe, nikaona Mama anavyokonda, nikajua nyumba hii haina uwezo wa wawili. Nafasi ya mgonjwa ilikuwa imeshachukuliwa. Mimi nafasi yangu ilikuwa kuchekesha, na nikiiacha, nani angeishika?

Nikawaza, kila kilichombana dada kimenikaa vizuri, kwa nini hiki kisinikae. Maswali yangu yote uliyajibu. Nilianza na nusu, asubuhi, baada ya kula. Mikono ilipotetemeka nikasema dada naye ilimtetemeka. Ulinitibu bila kujua. Na ule mkate, dada, ulinukia kweli. Sikudanganya kuhusu mkate.

Uliponiita nije, nililia. Ningekujaje? Ungeniona nameza dawa zako. Mtu aliyetumwa kumwangalia mgonjwa, na yeye mfukoni ana paketi yenye jina la mgonjwa. Goti la Mama halina hata maumivu, lilipona zamani.

Halafu ikaja ile barua yako ya tarehe tisa. Sikulaumu. Ulimwandikia Kicheko, na Kicheko kweli hajui kitu. Lakini mimi ndiye niliyeipokea. Ulisema waachie wenye ugonjwa. Nikaona aibu kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya marehemu. Nikasema basi, si zangu, naziacha, na nikaziacha asubuhi ile ile. Nilidhani kuziacha ni heshima. Sikujua ni hatari, maana katika barua zako nilikuwa nimeshika yanayohusu kuanza tu. Yaliyofuata Mama amekuambia. Hakukuambia yote kwa sababu hayajui.

Mama anawaambia watu kulikuwa na unga kwenye ngazi. Bekari nao wanasema hivyo, wamefagia na kuweka kibao. Hakukuwa na unga, dada. Nilikuwa nimeshika chuma cha pembeni, nimechoka na kujishika, siyo siku ile tu, miaka yote. Nikaachia mkono. Sikupanga, na sikuteleza.

Nimemwambia daktari. Aliniuliza waziwazi, nami nikashangaa jinsi ilivyo rahisi kusema ndiyo kwa mtu anayeuliza waziwazi. Hakushtuka. Akasema huenda hata dawa ile ile ingenifaa, ila mtu huanzishwa na huachishwa, hajifanyii mwenyewe gizani. Wamenianzisha yangu, ina jina langu, muuguzi ananipa mkononi na kusubiri nimeze. Bado haijafanya kitu. Napaswa kungoja, na kungoja ndiko kunakonitisha. Bado fikra zile zinanipitia. Zikija namwita muuguzi, tumekubaliana hivyo, hata kama ni mara kumi.

Wewe ni mtu wa pili kujua. Usiniandikie jibu. Njoo.

Mdogo wako


12 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii siipeleki posta. Naiandika kwenye benchi la kituo, mwenzangu wa mashine ya pili ameshika begi langu kwa mkono mmoja na kola yangu kwa mkono mwingine, maana daktari alimwambia anisindikize naye ni mtu wa kutii. Nitaibeba mwenyewe mfukoni. Naandika kwa sababu nikifika nitashindwa kusema, nawe utasoma mbele yangu.

Sikukuona. Nililala kitanda kimoja nawe miaka yote ile nikidhani unapiga mateke kwa uchangamfu. Nilipopata mtu wa kuniuliza ilikuwaje, nikafurahi sana kuulizwa, sikuuliza kwa nini anauliza. Halafu nikakuandikia yale. Hutanisikia nikisema yaliandikwa na mtu mwingine tena.

Mama nimemwambia kwa simu, asubuhi hii, kwa spika yake, yeye na jirani na nani sijui. Nikamwambia hukuteleza. Nilidhani atanikatia. Akasema, "Nilijua. Nilifika bekari siku ile ile nikafagia ngazi zile kwa macho, hazikuwa na kitu. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie." Akasema amelala kwenye kiti kando yako kila siku, na kwamba umekuwa ukimwambia aende nyumbani akapumzike, na hataki. Mwache asitake.

Bado niko katikati, nami. Dawa yangu mpya imeshika nusu, yako haijashika kabisa. Sina nguvu ya kukubeba, nakuambia ukweli, na wewe huna ya kunibeba. Tutangoja tu, wote wawili, na Mama. Zikikujia fikra zile nikiwa hapo, useme hata kama nimesinzia. Nami zikinijia nitasema.

Basi limeingia. Nitafika mchana. Usijitengeneze kwa ajili yangu, usimwombe muuguzi akuchane nywele. Nikikukuta unalia usijifute. Endelea, nami nitavuta kiti.

Dada yako